Viganja vya Loth

Oktoba 13, Jumapili

Andika, Agatha. Andika vuli imeanza leo jioni, si kesho. Mwaka jana pale kwenye ndiva watu wazima nusura wakunjane mashati, huyu anasema mvua ilianza wiki ile, huyu anasema wiki hii, zamu za maji zikavurugika, maharage ya watu yakakauka. Marehemu mume wangu Eliamini ndiye alikuwa mgawa maji wa ile ndiva, lile bwawa letu la juu, na mvua zote alikuwa nazo kichwani. Kaenda nazo. Mimi Mama Loth shule niliiona kwa nje tu nikipita na kuni. Lakini kuongea naweza. Na Agatha jirani yangu alikuwa karani wa usharika mpaka kustaafu, mwandiko wake mzuri. Mimi nasema, yeye anaandika. Ananiambia niseme taratibu. Tangu nizaliwe sijasema taratibu.

Leo baada ya ibada nesi wa zahanati aliongea na akina mama. Nesi Zaituni, mtoto wa Makanya, Mwislamu, ushungi wake mweupe, ana adabu, alituamkia shikamoo wazee wote kabla hajaanza. Akasema wenye mimba waje wapimwe, na waje na waume zao. Akataja kaswende, akataja kisonono, akataja na ule mkubwa. Wanawake wakaangalia sakafu. Mimi nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, hayo kawaambie wasiotahiri. Sisi Wapare wanaume wetu wametahiriwa tangu enzi za mababu, magonjwa hayo yatashika wapi? Wee, makofi! Mpaka mke wa mchungaji alicheka.

Nesi naye akacheka kidogo. Akasema, "Mama yangu, tohara ni njema. Inampunguzia mwanaume hatari ya kupata virusi. Inapunguza, haizuii. Na kwa kaswende ndiyo kabisa, tohara asiitegemee. Ni kama mwavuli kwenye mvua ya upepo. Na mke wake, mama, huyo hata chini ya mwavuli hayupo."

Nikakaa nimeshinda.

Mkwe wangu Irine, mke wa Loth, alikuwa benchi la nyuma yangu. Ana mimba ya miezi mitano. Njiani akaniuliza, "Mama, niende?" Nikamwambia ukafanye nini, mume wako ametahiriwa, mimi mwenyewe ndiye nilipika uji wa waliokuwa wanamuuguza. Akasema, "Naye Loth kasema hivyo hivyo. Kasema nikienda ni kumtangaza." Akaendelea kutembea. Huyu mtoto ni mkimya mno, wakati mwingine nadhani ni uvivu wa mdomo.

Tumbo lake la kwanza lilikuwa la mtoto wa kiume, mwaka juzi. Alitoka kwa miezi saba, hana pumzi. Tulimzika nyuma ya migomba. Watu walisema ni jicho la mtu. Basi, funga hapo.

Oktoba 16

Mvua. Kuku mwekundu hajarudi.

Oktoba 19, Jumamosi

Loth amepanda leo. Yuko Makanya, anapakia mawe ya jasi kwenye malori, Jumamosi ndiyo anarudi huku juu, mweupe mwili mzima kama kaanguka kwenye gunia la unga. Hapa kwangu aliyetoka kazini hanawi peke yake, anamiminiwa maji, na wa Loth namiminia mimi tangu anajifunza kukaa. Irine kapika makande, ya leo yameiva vizuri, mahindi hayakubishana na meno yangu haya manne. Agatha anacheka, yeye anayo sita.

Nikashika jagi, yeye akakinga mikono. Jasi ikateremka na maji. Viganja vikabaki na madoa.

Madoa mekundu ya kufifia, kama kutu ya bati. Kiganja hiki na kiganja hiki. Nikasema, "Hii nini?"

"Jasi, mama."

"Inawasha?"

"Haiwashi."

"Jasi umebeba miaka sita, mbona haijawahi kukuchora?"

"Mama, mimina maji, watu wana njaa."

Nikamimina. Lakini nilikula kwa kuangalia ile mikono, mpaka Irine akaniuliza kama chumvi imezidi.

Oktoba 20, Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Loth kalala hapa, karudi Makanya mchana. Alipovua viatu mlangoni nilimchungulia nyayo. Nako yapo.

Oktoba 24

Leo Agatha ataandika mengi, nimemkaangia mihogo.

Nilikwenda zahanati na mayai, najifanya nampelekea nesi zawadi ya kutuhubiria. Tukaongea habari za mvua. Tukaongea habari za mama yake. Halafu ndipo nikasema, kuna kijana wa jirani yetu, ana madoa viganjani, mama yake ananisumbua nimuulizie dawa.

Nesi akaweka mayai chini. "Na kwenye nyayo?"

"Na kwenye nyayo."

"Yanawasha?"

"Anasema hayawashi."

"Kabla ya hapo alipata kidonda sehemu za siri? Kidonda kisichouma, kikapona chenyewe?"

Nikamwambia, nesi, mimi nitajuaje kidonda cha mtoto wa mtu? Akasema, "Kweli, mama. Ndiyo maana huwa kinapita, hakuna anayekiona. Anafurahi kimepona, kumbe kimeingia ndani. Akija kutoa madoa viganjani na kwenye nyayo, wasiwasi wa kwanza ni kaswende."

Nikasema lakini huyo kijana ametahiriwa. Tena vizuri! Mbele ya baba zake wadogo.

Hakucheka. Akasema, "Mke anaye?"

Nikasema anaye.

"Ana mimba?"

Hapo, Agatha, ulimi wangu huu unaoujua uligoma. Mtoto wa watu akaniangalia, nadhani akajua ni jirani gani. Akasema polepole, "Mama, inapita kwa mama inaingia kwa mtoto. Inaweza kumuulia tumboni. Akizaliwa mzima anaweza kuzaliwa nayo. Lakini mama akichomwa sindano mapema, mtoto anaweza kupona. Mwambie huyo jirani asingoje."

Nilirudi kwa njia ya migombani. Nikafika pale nyuma, kwenye yale mawe matatu tuliyoweka. Nikasimama. Kumbe nilikuwa nadhani ni jicho la mtu.

Sijui, Agatha. Huenda si hilo lililomuua yule. Hakuna aliyempima. Lakini miguu ilikataa kutoka pale mpaka mvua ikanifukuza.

Oktoba 26, Jumamosi

Loth hakuja. Nimefurahi hakuja. Mama mzazi nafurahi mwanangu hakuja. Mvua kubwa.

Oktoba 28

Sasa nieleze, maana atakayesoma atasema huyu bibi si amwambie mwanawe tu, mdomo si anao. Sikiliza. Siku Loth alipotahiriwa, shangazi yake alinishika bega akaniambia, kuanzia leo cha kiunoni mwa huyu si chako. Hutamwogesha, hutauliza, hutataja. Mama akitaja ni kama kamrudisha utotoni, kamvua nguo mbele za watu. Mambo hayo yana wenyewe, baba na baba wadogo. Mimi nimeishika hiyo tangu siku ile, hata alipooa sikuuliza neno.

Basi nikamwendea baba yake mdogo, Zebedayo, mdogo wake Eliamini. Nimemkuta anachonga mpini. Nikamwambia yote, nimejifunika uso kwa khanga.

Akacheka mpaka akaweka panga chini. "Shemeji! Loth nilimshika mwenyewe mabega siku ile. Hakukunja hata uso. Mwanaume kama yule atapata ugonjwa wa nini?"

"Zebedayo, kisu kilikata ngozi, hakikukata tabia."

"Ah, shemeji, wewe umelishwa maneno na nesi wa Makanya. Wale wa tambarare watatufundisha sisi tohara?"

"Nao wanatahiri, Zebedayo. Na wao anawapima."

"Nenda kapumzike. Nitaongea naye kiume."

Ataongea naye kiume. Haya.

Novemba 2, Jumamosi

Ameongea naye kiume. Loth kafika na samaki wakavu, anacheka. Kasubiri Irine aende kisimani ndipo akaniambia, "Mama, kumbe umenitangaza kwa baba mdogo? Eti una wasiwasi na vipele vyangu?"

Nikasema, "Nina wasiwasi na mke wako."

"Mke wangu ana mume aliyetahiriwa. Kule kambini wenzangu wasiotahiri ndio wanaoumwa, wanakojoa wanalia. Mimi kilikuja kitu kidogo, kikaondoka chenyewe, hata dawa sikunywa. Si unaona? Hainishiki."

Kilikuja, kikaondoka. Kasema mwenyewe, anaringa nacho kama cheti.

Nilikuwa na neno mdomoni. Lilifika hapa, kwenye meno. Nikalimeza. Nikashika jagi nikammiminia maji, madoa yamefifia kidogo, akanionyesha, "Unaona? Yanaondoka." Na mimi, mzee mzima, nikatamani kumwamini.

Usiku nyumba yetu unaijua, ukuta ni wa udongo. Nilisikia wanacheka chumbani kwao. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Irine anacheka vizuri, sikuwahi kujua. Kila akicheka mimi naona yale mawe matatu.

Novemba 5

Mvua. Sina neno. Agatha ananiangalia kama nimeumwa.

Novemba 7

Mlima umeteremka barabarani, udongo na migomba na nguzo ya umeme. Bodaboda haziendi. Anayetaka kushuka ashuke kwa miguu.

Nimemwambia Irine twende zahanati, miguu ipo. Kaniuliza kwa nini leo, wakati mimi ndiye niliyemkataza. Nikasema nimeota ndoto. Mwongo mkubwa mimi. Akasema, "Ngoja Loth aje, nimwombe ruhusa, mama." Ruhusa!

Novemba 9, Jumamosi

Agatha, siandikishi mvua leo, ingawa imenyesha.

Asubuhi Irine alikuja jikoni akakaa chini. Akasema, "Mama, mtoto hachezi." Nikamuuliza tangu lini. "Jana alicheza mchana. Tangu hapo sijamsikia." Akasema kwa sauti ile ile ya kuomba kijiko. Nikamlaza ubavu, nikampa chai yenye sukari nyingi, nikaweka mkono tumboni. Kimya. Nikaimba ule wimbo wa kumbembeleza. Kimya. Nje mvua inapiga bati, na mimi natukana mvua, nyamaza nisikie! Nikakaa hivyo nusu ya siku. Nikamwambia Mungu maneno ambayo Agatha hatayaandika.

Alasiri ndipo akacheza. Mara moja, hapa chini ya mkono wangu, kama chura. Irine akaanza kulia hapo, wakati wote ule hakulia.

Na ndipo Loth naye akaingia, kalowa, kaja kwa miguu juu ya ule udongo. "Shikamoo mama. Mbona mnalia, nani kafa?"

Nikasema marahaba, hajafa mtu. Kaa unawe.

Nikaleta jagi. Akakinga mikono. Mimi sikumimina. Nikaweka jagi chini nikamshika viganja vyote viwili, nikavigeuza juu, nikamwita mke wake. "Irine, njoo uone."

"Mama, unafanya nini?"

"Irine, haya madoa ni kaswende. Nimemuuliza nesi. Alipata kidonda kwa wanawake wa barabarani huko, kikapona, akadhani kimekwisha. Inaua watoto tumboni. Mimi ndiye nilikuambia usiende, nikasema katahiriwa. Nilikudanganya bila kujua, halafu nikakuficha nikiwa najua."

Loth akajaribu kuchomoa mikono. Mimi mzee lakini nimelima milima hii. Akasema, "Mama! Mama, unataja nini mbele ya mke wangu? Umesahau mimi ni nani?"

Nikasema, "Wewe ni mwanangu uliyetahiriwa na sina haki ya kutaja. Nataja. Nikilaaniwa nilaaniwe mimi. Mjukuu wa pili simziki mimi nyuma ya migomba."

Mvua tu. Loth akaangalia viganja vyake kama ni vya mtu mwingine, halafu akamwangalia mke wake, anangoja amtetee.

Irine akapangusa uso. Huyu niliyemwita mvivu wa mdomo. Akasema, "Baba wa mtoto, kisu kilikukata wewe. Mimi hakikunikata, na huyu humu ndani hakikumkata. Mimi kesho nashuka zahanati. Sitalala na wewe mpaka na wewe uende."

Loth akachukua koti lake lililolowa. Akatoka. Chakula kikabaki. Irine kabeba mto wake kaja kulala kitandani kwangu.

Novemba 11, Jumatatu

Jana Jumapili zahanati ilifungwa, tumekwenda leo, mimi, Irine na Agatha, kwa miguu, kwenye ule udongo Agatha kaacha kiatu kimoja. Kasema niandikishe. Nimeandikisha.

Nesi Zaituni hakuniambia nilikuambia. Alimchoma Irine kidoleni, damu tone moja huku, tone moja huku. Akasema tusubiri kidogo. Nimesubiri vitu vingi mimi, nimesubiri mume arudi kutoka vitani Uganda, lakini kile kibenchi! Nilihesabu misumari ya mlango. Irine kanishika mkono, mkono wake wa baridi, naugeuza huku, naugeuza huku, kumbe na mimi natafuta madoa.

Akatuita. Kaswende, ipo. Ule mkubwa, kwa leo haupo, arudi apimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu ukiwa mpya unajificha. Miezi mitatu, Agatha.

Kamchoma sindano ya penisilini kwenye tako, sindano ya wiki tatu, moja kila wiki. Irine hakulia, lakini akikaa anakaa kwa upande. Halafu nesi akaweka kile kipembe tumboni akasikiliza muda mrefu sana, uso wake hausemi kitu. Mwisho akasema, "Moyo unapiga."

Nikamwambia nesi, yule jirani ni mimi. Akasema, "Najua, mama. Jirani yako asipotibiwa, atamrudishia." Nikasema kakimbia. Akasema, "Atafutwe."

Novemba 13

Ukungu mzito kutoka mlima Shengena, haionekani hata ndizi ya mlangoni. Simu ya Loth haipatikani.

Zebedayo kapita, kasimama mbali, kasema nimemvunjia mtoto heshima yake, na atawaambia wazee. Nikamwambia awaambie. Na awaambie vilevile kilichomtoka mkwe wangu kidoleni.

Novemba 16, Jumamosi

Loth hakuja. Kila mbwa akibweka natoka.

Novemba 18

Sindano ya pili. Moyo wa mtoto unapiga. Nesi anasema kupiga leo si ahadi ya kesho, tuendelee. Huyu binti hadanganyi, nilimchukia kwa hilo Oktoba, sasa ndilo nalishika.

Irine bado analala kwangu. Usiku mtoto akicheza ananipiga mimi mgongoni. Asipocheza silali. Nikimwamsha Irine ananiambia, "Mama, naye analala." Anajipapasa tumbo kwanza ndipo anasema hivyo.

Novemba 23, Jumamosi

Hakuja. Nawaogopea wawili sasa. Mmoja tumboni na mmoja Makanya. Yule wa tumboni ana sindano. Huyu mwingine nimemtoa nyumbani mimi mwenyewe kwa ulimi wangu. Akinywa sumu je? Vijana siku hizi. Nimemuuliza Agatha kama nilikosea, kasema yeye ni karani tu.

Novemba 25

Sindano ya tatu. Irine kamaliza. Bado kuzaa, bado kumpima mtoto, bado ile miezi mitatu. Mvua imepungua, wamefukua barabara nusu.

Novemba 30, Jumamosi

Leo jioni mbwa kabweka, sikutoka. Nilichoka kutoka. Irine ndiye aliyechungulia. Akarudi akaweka maji ya ugali jikoni, nikajua.

Loth kaingia. "Shikamoo mama." Marahaba. Kakonda. Kavaa shati safi, jasi kaitoa huko huko. Hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Nikamvutia kigoda.

Akakaa. Akainuka. Akakaa tena, polepole, kwa tako moja, kama kuku anayetafuta yai.

Irine kaona. Kaniangalia. Mimi nikaangalia jagi langu. Nesi alisema sindano ni tatu, sijui kachomwa ngapi, na wale wa huko barabarani sijui kawaambia au hakuwaambia. Sikuuliza. Nilishataja mara moja, sitataja tena mpaka nife. Aulize mke wake. Na nilimsikia akiuliza, pale jikoni, sauti ya chini, "Umebakiza ngapi?" Loth akasema, "Moja. Jumatatu." Irine akasema, "Basi utalala sebuleni, na ukimaliza bado utalala huko, mpaka nesi aseme."

Loth akasema, "Sawa."

Mimi nikasimama na jagi. Akakinga mikono, safari hii kavigeuza viganja juu mwenyewe, kavileta karibu na taa nivione. Yamebaki kwa mbali. Nikamimina maji, nikamimina mengi kuliko ya kunawa, mpaka yakamwagika miguuni, naye hakusema nimezidisha.

Andika, Agatha, leo mvua haikunyesha. Andika mtoto kacheza mara mbili mchana na mara moja sasa hivi. Ishia hapo. Usiandike tumepona.